Safu ya Mwisho Haikufa

Kuna mtu alikuwa anaimba ndani ya chumba cha seli, pale maabara.

Mlango umefungwa. Ufunguo ninao mimi, mfukoni. Na wala haikuwa usiku wa manane kama mnavyopenda kwenye hadithi zenu za mizimu. Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, watu wanapishana koridoni na vikombe vyao vya chai.

Nikasimama na sinia la chupa mkononi.

Ilikuwa sauti ya msichana. Hakuna maneno, anaimba midomo imefumbwa, kama mtu anayefua huku mawazo yake yako mbali. Wimbo unapanda, unapanda, halafu unakatika kabla haujafika juu. Kimya kidogo. Unaanza upya.

Nikafungua mlango.

Hakuna mtu. Meza, darubini, friji, na lile kabati la joto tunalowekea seli, linanguruma taratibu kwenye kona yake.

Nikajiambia ni feni. Binadamu akitaka kujidanganya hakosi feni.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana wengi mtasema natunga.

Mimi ni fundi wa maabara. Sio daktari, sio profesa, msinipe vyeo nisivyo navyo. Kazi yetu pale ilikuwa kutafuta dawa za virusi kwenye miti ya matunda.

Usicheke. Mti hauna mikono ya kupigana wala miguu ya kukimbia. Ukivamiwa na maradhi unajitetea kwa kemikali zake. Ule ukakasi unaokukausha ulimi ukitafuna jani la mpera au ganda la komamanga, hiyo ndiyo silaha yenyewe. Ndani ya kikombe cha maabara, baadhi ya hizo kemikali zinaweza kuvishika virusi visiingie kwenye seli.

Ndani ya kikombe. Lishikeni hilo neno, litanitoa machozi mbele ya safari.

Seli ni chembe za nyama hai, ndogo hazionekani kwa macho. Zinaishi kwenye chupa, zinalishwa maji ya rangi ya waridi, zinazaana. Za kwetu zilitoka kooni mwa mtu. Kila chupa ilikuwa imeandikwa neno moja tu: BINTI.

Maabara nyingi zina kawaida ya kuzipa seli majina, kwa hiyo sikuuliza. Laiti ningeuliza.

Aliyekuwa anazilisha ni mama mmoja wa makamo, wote tulimwita Shangazi. Mkimya mno. Ana mikono mitulivu kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Na alikuwa na kituko kimoja: kabla ya kufungua kabati la joto, anagonga. Ko, ko. Kama mtu anayeingia chumbani kwa mtu mzima.

Siku moja nikamtania. "Shangazi, unabisha hodi kwenye kabati? Siku wakikujibu karibu utafanyaje?"

Hakucheka.

"Nitaingia," akasema.

Nikaacha utani wangu pale pale.

Utaratibu wa kazi ulikuwa hivi. Tuna sahani ya plastiki yenye vikombe vidogo vidogo vilivyopangwa safu kwa safu. Kila kikombe kina seli za Binti chini yake. Mimi naweka maji ya mimea: safu hii komamanga, safu ile stafeli, nyingine mzabibu, na safu moja maji matupu ya kulinganishia. Halafu Shangazi anatia virusi vya mafua makali, safu zote. Yeye haambiwi safu ipi ina nini. Hiyo ni sheria ya kazi yetu, ili mkono wa mtu usipendelee. Na kwa kuwa kila kitu kinazimuliwa sana, ukiitazama sahani huwezi kujua, vikombe vyote vinafanana.

Baada ya siku kadhaa tunamwaga rangi ya zambarau. Seli iliyo hai inashika rangi. Iliyokufa inaoshwa na maji, kikombe kinabaki cheupe.

Na kila tukimwaga rangi, safu ya mwisho inatoka zambarau tupu, haina hata doa.

Safu ya mwisho ilikuwa ya majani ya mpera.

Mara ya kwanza Profesa, mkuu wetu wa maabara, alisema turudie. Tukarudia. Zambarau. Tukarudia tena. Zambarau. Mzee wa watu akaanza kutembea koridoni anapiga mluzi, yeye ambaye kutabasamu kwake ilikuwa mpaka sikukuu. Mwisho akaalikwa redioni kuusifu mpera.

Hapo ndipo balaa lilipoingia nyumbani kwangu.

Nina mdogo wangu, tunamwita Kidoti kwa sababu ya alama yake shavuni. Kidoti ana virusi vya ini. Alizaliwa navyo, alivipata kwa mama. Mama yetu alikufa kwa ini hilo hilo, macho yamekuwa ya njano, tumbo limejaa maji, na mpaka leo nikifumba macho nayaona yale macho.

Kabla hajafa alinishika mkono. Hakusema mengi. Alisema tu, "Huyu mtoto."

Kwa hiyo mimi, ukiacha kazi ya mshahara, kazi yangu nyingine duniani ilikuwa Kidoti ameze kidonge chake. Kimoja kila siku. Na daktari alishamwambia waziwazi: hiki huachi mpaka nikuambie mimi.

Jioni ile Profesa aliposema redioni, narudi nyumbani nakuta jiko linawaka, sufuria imejaa majani ya mpera.

"Dada! Si ndiyo kwenu kule? Nimemsikia mzee wenu! Anaongea kwa madaha, utadhani ameuumba mpera yeye."

"Kidoti, punguza moto. Vile ni virusi vya mafua. Vyako vya ini ni vingine kabisa. Na ile ni ndani ya kikombe."

"Na mimi si nakunywa kwa kikombe?"

"Sitanii."

"Hata mimi sitanii. Ni chai tu, dada. Kidonge nameza. Unataka nikuapie?"

Aliapa. Nikamwacha na chai yake. Ana utani mwingi yule, ukimkaripia anakuchekesha, mwisho unasahau ulichokuwa unakikaripia.

Kule kazini wimbo uliendelea.

Si kila siku. Unaweza kupita muda umeshasahau, halafu asubuhi moja unaweka funguo kwenye kitasa na unausikia. Unapanda, unapanda, unakatika. Ukifungua, kimya. Nilianza kuchelewa makusudi ili Shangazi aingie kwanza, maana naye alikuwa na funguo zake.

Nikamuuliza mlinzi, kwa njia ya mzaha, kama amewahi kusikia kitu.

"Mle mna mwenyewe, anti," akanijibu, anamenya chungwa lake. "Mimi nikipita nasalimia, naendelea na safari zangu. Sina ugomvi na mtu."

Basi na mimi nikaanza kusalimia. Mtu msomi mzima, nasalimia kabati.

Siku iliyobadilisha kila kitu ilianza kwa ajali ndogo. Vichupa vyangu vya mimea vilianguka mezani, nikavirudisha kwenye kishikio chake haraka haraka, nikajaza sahani, nikampa Shangazi atie virusi. Ni baada ya yeye kumaliza ndipo nikaona nimevichanganya. Kile cha mpera kilikuwa mwanzo. Kile cha maji matupu kilikuwa mwisho.

Ningeimwaga ile sahani. Lakini nikasema liwalo na liwe, nitaitazama kwa kujifunza, halafu ndipo niitupe.

Siku ya kumwaga rangi nilikuwa peke yangu chumbani. Nikamwaga. Nikasuuza. Nikainua sahani dirishani.

Safu ya mpera: nyeupe, imekufa yote.

Safu ya mwisho, ile ya maji matupu: zambarau tupu.

Jamani. Maji yalikuwa yameshinda virusi.

Nikaigeuza sahani. Nikaigeuza tena. Maji hayatibu kitu, na virusi havijui kusoma kwamba safu hii ni ya mwisho tuiache. Kama si mpera uliokuwa unaziokoa seli za safu ile muda wote huu, ni nani?

Na nyuma yangu, kwenye kabati la joto, wimbo ukaanza.

Safari hii nilikuwa ndani. Hakuna mlango wa kusingizia. Sauti iko pale, umbali wa mkono, inapanda taratibu. Ikakatika palepale inapokatika siku zote.

Sijui kwa nini, lakini katika kile kimya jina moja tu lilinijia.

Kidoti.

Sikuvua hata koti la kazi. Nilikimbia.

Nilimkuta amelala mchana kweupe, mapazia yameshushwa. Chumba kinanuka majani yaliyochemka.

"Kidoti."

"Mmh."

"Nitazame."

Akafungua macho.

Yalikuwa macho ya mama.

Nikanyanyua godoro, sijui hata nani aliniambia ninyanyue. Soksi. Ndani ya soksi, vidonge. Vingi. Vile vyote alivyoniapia kwamba anameza.

"Usinigombeze," akasema, sauti imekwisha. "Nilitaka nipone kabisa, dada. Nikushtukize. Kidonge hakiponyi, kinanifunga tu kamba. Na wewe unafanya kazi palepale... kama mpera hautibu ungeniambia niache kabisa, si ungeniambia?"

Nilimbeba.

Hospitali daktari alimtazama mara moja tu. "Ameacha dawa?"

"Ndiyo."

"Virusi vya ini ukivilegezea kamba vinarudi na hasira zote. Tunamrudishia dawa sasa hivi. Lakini ini limeumia sana, na sumu imeanza kupanda kichwani. Siwezi kukuahidi kitu."

Kufika kesho yake alikuwa hanijui. Ananitazama kama mpita njia.

Nikarudi maabara. Sikwenda kufanya kazi, nilikwenda kutafuta ugomvi. Shangazi alikuwa amesimama mbele ya kabati, ndiyo kwanza amegonga.

Nikaiweka ile sahani mezani mbele yake.

"Shangazi, safu ya mwisho ina nini?"

Akaitazama. Akavuta kiti akakaa, taratibu, kama mtu aliyekuwa anaisubiri siku hiyo.

"Haina kitu," akasema. "Huwa siitii virusi."

"Huitii? Tangu lini?"

"Tangu alipoletwa hapa."

"Nani?"

Akanyoosha kidole kwenye kabati.

Huyo Binti alikuwa mwanawe. Wa kumzaa.

Alikuwa na uvimbe kooni, akafanyiwa upasuaji. Walimwomba mama yake, kwa kuwa ni mfanyakazi wa hapa hapa, kipande cha ule uvimbe kibaki kwa ajili ya utafiti. Akakubali. Lakini wodini binti akapata mafua makali, yakashuka kifuani, yakamchukua. Alizikwa. Kipande kile cha kooni mwake kikabaki hai ndani ya chupa, kinazaana, na kazi ya kukilisha akaiomba yeye mwenyewe.

"Kila wiki mnanipa ugonjwa uleule uliomuua," akaniambia, "mnaniambia nimtie. Na mimi namtia, mwanangu. Safu baada ya safu. Natia nikiwa nimefumba roho. Ile ya mwisho tu ndiyo nilikuwa namwachia apumzike."

"Safu ya mwisho ilikuwa mpera!"

"Si ya maji?"

"Mpera, Shangazi!"

Akashika mdomo kwa mikono miwili.

Zamani, wakati anafundishwa kazi, safu ya mwisho ilikuwa ya maji matupu. Profesa alikuja akabadilisha mpangilio. Na kwa ile sheria yetu kwamba anayetia virusi haambiwi safu ipi ina nini, hakuna aliyemwambia. Yeye alidhani anakiachia kikombe cha maji, kisicho na kesi na mtu. Habari za mpera alizisikia redioni kama watu wengine, na alifurahi. Aliniambia alilia kwa furaha, kwamba hata kufa kwa binti yake kumeleta dawa.

Nilikuja na matusi yangu yamepangwa vizuri kabisa. Sikupata hata moja la kumtolea.

Nikamwambia tu, "Mdogo wangu amekunywa mpera akaacha dawa. Yuko wodini. Hanijui."

Akanyanyuka. Alikwenda mwenyewe kwa Profesa, hakusindikizwa. Mlango ulipofunguliwa nilimwona mzee amekaa ameshika kichwa, na ule mluzi wake sikuusikia tena. Nimtendee haki, alirudi redioni akakanusha. Ila habari ya dawa ilikuwa imetangazwa wakati watu wako mezani wanakula. Ya kukanusha ikatangazwa watu wako kazini.

Shangazi akaniomba jambo moja. "Nipeleke nikamwone."

Nilitaka kukataa. Nikampeleka.

Kidoti alikuwa kitandani, macho nusu wazi, vidole vinachezacheza juu ya shuka. Shangazi akasimama miguuni, anaogopa kusogea. Mimi nikamshika mdogo wangu mkono, naita jina lake, haitikii.

Halafu akaanza kuimba.

Midomo imefumbwa. Wimbo ule ule. Unapanda, unapanda.

Nilimwachia mkono kwa hofu. Wallahi sijawahi kuuimba ule wimbo nyumbani. Sijawahi hata kumsimulia.

Ukafika pale unapokatika. Nikasubiri ukatike.

Haukukatika. Kidoti akaupandisha mpaka juu kabisa, akaushikilia, halafu akaushusha polepole mpaka chini, mpaka ukatulia.

Nikageuka. Shangazi ameshika chuma cha kitanda kwa nguvu zote, machozi yanatiririka.

"Huo mwisho," akasema, "ameupata wapi?"

"Shangazi, si wimbo wako huo? Si wewe uliyekuwa unamwimbia Binti mle chumbani?"

"Mimi?" Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Mimi siimbi, mwanangu. Tangu tumzike sijaimba. Huo ni wa Binti, alikuwa anautunga akiwa wodini. Alikufa hajautungia mwisho."

Tulikaa wote wawili chini, sakafuni, pale pembeni ya kitanda. Muuguzi alipita akatuangalia, akapita.

Kidoti alipona. Haikuwa siku ile wala wiki ile, na kuna siku daktari aliniita pembeni nikadhani ndiyo basi. Lakini dawa ilishika, na njano ikaanza kutoka machoni kidogo kidogo. Asubuhi moja akanitazama vizuri, akasema, "Dada, umekonda. Au na wewe umekunywa mpera?"

Nililia mpaka akajuta kunitania.

Nilimuuliza kuhusu wimbo. Haukumbuki. Anachokumbuka ni msichana kitanda cha jirani, ana kitambaa shingoni, aliyekuwa anamwimbia asilale. Kitanda cha jirani kilikuwa kitupu muda wote ule. Nilikaa juu yake mimi mwenyewe.

Tukarudia majaribio. Virusi nilitia mimi, safu zote, na kwenye ya mwisho mkono ulinigoma nikaulazimisha. Tulipomwaga rangi, safu ya mpera ilikuwa nyeupe kama ile ya maji matupu. Komamanga likaacha zambarau hafifu, ya kuitafuta dirishani. Ilikuwepo tangu zamani, hakuna aliyeiangalia, macho yote yalikuwa safu ya mwisho. Inachunguzwa mpaka leo. Ndani ya kikombe.

Profesa ametenga chupa moja ya Binti ambayo haitaguswa na ugonjwa wowote. Shangazi anailisha. Bado anagonga kabla ya kufungua, na mimi siku hizi nagonga.

Wimbo sijausikia tena. Nadhani umeshakwisha.

Mnaosoma, nawaachia haya. Mwenye kidonge ameze kidonge chake, na jani lenye sifa redioni aliulize kwanza: ulivishinda virusi wapi, mwilini au kikombeni? Halafu daktari wake amwambie la kufanya.

La pili ndilo linalonikosesha usingizi. Huruma si dhambi. Lakini ukiwa nayo, iseme. Mama mmoja alimhurumia mtoto wake kimyakimya, hakumwambia mtu, na kile kimya kikatoka maabara, kikapita redioni, kikaingia kwenye sufuria yangu, nusura kimchukue mtoto wa mama mwingine.

Kidoti ananiita. Ameshika kidonge na glasi ya maji, anasema hamezi mpaka nije kushuhudia. Ni utani wake.

Lakini mimi naenda kila siku, na nikifika namwambia afungue mdomo nione.